Netiboli ya Tanga ilivyonibeba msimu wa kwanza wa futi Melbourne

Kama uko Melbourne na unafikiria kuanza kucheza futi, yaani kandanda lao la Australia, usichukue ushauri kwa mtu aliyekulia kwenye soka. Mimi nina shemeji, shabiki damu damu wa Coastal Union, timu ya soka ya Tanga, ambaye tangu asikie nimejiandikisha alijipa ukocha. "Shemeji, wewe shuleni ulikuwa GD, beki wa netiboli, waambie wakuweke golini." Golini wapi? Huu mchezo hauna golikipa. Kuna milingoti minne imesimama wima, hakuna wavu, hakuna mtambaa panya. Mpira ukipita kwa teke kati ya ile miwili ya katikati ni pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1, na refa wa goli anatoa vibendera vyake na kuvipunga. Ushauri wake wa pili ulikuwa nijenge mwili jim miezi mitatu kwanza. Ningemsikiliza, msimu ungekwisha niko juu ya mashine ya kukimbilia.

Mwaka wenyewe ni 2017. Februari 3 ligi ya wanawake ya taifa, AFLW, ilifunguliwa kwa mechi ya timu za Carlton na Collingwood pale uwanja wa Princes Park. Kiingilio bure, wakaingia watu 24,568, milango ikafungwa, na mkubwa wa ligi wa wakati huo, Gillon McLachlan, ikabidi atoke nje kuwaomba radhi waliobaki barabarani. Baada ya hapo klabu za mitaani zikapata wazimu wa kutafuta wanawake. Chama cha klabu za ridhaa za Victoria, VAFA, kilichokuwepo tangu 1892, kikaanzisha mashindano ya wanawake mwaka huohuo, na klabu ya karibu na kwetu ikabandika tangazo. Ridhaa maana yake halipwi mtu. Wewe ndiye unayelipa. Usajili ulinitoka kama dola mia mbili na ushee, daluga nilipata za mtumba, na kinga ya meno, ile unayoichemsha kisha unaing'ata ishike umbo, ni bei ya chakula cha mchana.

Kuna mama mmoja wa jumuiya yetu alinivuta pembeni. "Mwanangu, huo mchezo wa Wazungu, sisi Waafrika tutauwezea wapi?" Nikamtajia Akec Makur Chuot, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyepitia kambi ya Kakuma, Kenya, akafika Perth, na msimu huohuo wa 2017 alikuwa anaichezea timu ya Fremantle kwenye hiyo AFLW. Akanyamaza, halafu akasema basi nivae suruali ndefu. Hilo nilishalimaliza: bukta juu, suruali ya kubana chini, na kichwani hijabu ya kuogelea. Ya kuogelea, nasisitiza, kwa sababu haina pini. Pini na vito havitakiwi uwanjani, na mtu akikukwida mtandio wa kufunga unabaki mkononi mwake.

Sasa teke. Teke ndilo lilinitesa, na hapa ndipo kila mtu ana ushauri. Shemeji aliniambia nipige kama faulo, kwa upande wa mguu. Mpira wa umbo la yai ukiupiga kwa upande wa mguu unaenda popote unapotaka wenyewe. Wangu uliruka nyuma yangu, kweli kabisa, ukaangukia kwa watoto waliokuwa wanasubiri zamu ya uwanja. Mwenzangu mmoja akasema nipige kwa nguvu zaidi. Nikapiga kwa nguvu zaidi, ukaenda mbali zaidi upande uleule mbaya. Mwingine akasema nisiangalie mguu. Kocha alikuwa anasema "uangushe mpira vizuri," bila kueleza vizuri ni vipi, kwa kuwa yeye amefanya hivyo tangu ana miaka minne.

Dawa niliipata sebuleni kwangu, mume yuko kazini. Niligundua kwamba mguu hauna kosa. Mkono ndio unaoharibu. Nilikuwa nautupa mpira juu kidogo kabla ya kupiga, mazoea ya netiboli. Unapoachiwa, mpira unatakiwa ushuke umesimama wima, ncha moja chini, ukutane na mgongo wa mguu, ndipo unazunguka kurudi nyuma angani na kwenda ulikoutuma. Basi nikaacha kupiga kabisa. Nikawa nauangusha tu sakafuni kwa mkono mmoja, mkono wa upande wa mguu ninaopigia. Ukianguka sawasawa juu ya ncha, unadunda kurudi juu kuelekea mkononi. Ukianguka umelala, unakimbilia chini ya kochi. Sakafu haidanganyi, na haikuambii upige kwa nguvu zaidi. Niliangusha asubuhi nikingoja chai ichemke, niliangusha usiku mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Niliporudi uwanjani mpira ulinyooka, kocha akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia sakafu.

Netiboli nayo ilikuwa na mambo mawili. Kudaka, sikuwa na mpinzani. Ukiudaka mpira uliopigwa kwa teke la mita 15 au zaidi bila kugusa chini wala mtu, mchezo unakusimamia wewe: unarudi nyuma, unajipanga, unapiga bila kuguswa. Miaka yote ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nilifundishwa kuruka, kudaka na kugandisha miguu, maana netiboli huruhusiwi kukimbia na mpira, na hapa kugandisha ndiyo kazi yenyewe. Nikawekwa nyuma, nikawa ukuta.

Shida ni mpira wa kuokota. Niliuokota, nikaganda. Hapo hakuna anayekusimamia, msichana mkubwa anakuja mbio, anakubeba na mpira wako, na watu wote pembeni wananguruma "Baaal!" wakitaka faulo iwe yao, na wanapewa. Akili ilijua kwamba naruhusiwa kukimbia nikiudundisha kila mita 15, ila miguu ilikuwa bado Tanga. Mwisho nikawafundisha wenzangu neno moja, "Kimbia!" Nikiinama tu kuokota, benchi zima linapiga kelele "Kimbia!" kwa lafudhi ya ajabu, na wapinzani wanatazamana. Kufikia katikati ya msimu wenzangu walikuwa wanaambiana hivyo wenyewe kwa wenyewe.

Ramadhani ilituingia mwishoni mwa Mei. Wengi walinihurumia, lakini Juni Melbourne ni baridi na Magharibi inaingia saa kumi na moja na dakika chache tu, kwa hiyo mazoezi ya usiku yalikuwa baada ya futari. Kilichonipa taabu si njaa, ni tambi. Futuru kidogo, tende na uji, hayo mengine yasubiri. Siku za mechi zilikuwa na mtihani mwingine: mapumziko ya robo wanapitisha machungwa yaliyokatwa, na harufu yake, jamani.

Tulifungwa mara nyingi, moja wapo bila kupata hata ile pointi 1 ya pembeni. Tulizoshinda tulizishinda kwa kudaka. Msimu uliofuata klabu ilipotafuta wachezaji wapya, niliwaambia waachane na kina dada wa soka, waende viwanja vya netiboli. Wakaleta kundi zima. Mazoezi ya kwanza kocha akabingirisha mpira chini, wote wakauokota vizuri sana, wakaganda.