Daraja hufuata fureti ya 12: gitaa la umeme nililolichonga kwa mkono

Gitaa la umeme ninalolipiga leo lilikuwa kitanda. Shangazi yangu wa Tandika alikuwa na kitanda cha mninga kilichovunjika matendegu, kimeegemezwa stoo tangu nikiwa shule ya msingi. Aliponiruhusu kuchukua mifumbati yake, nilijua nimepata mbao zilizokauka kwa zaidi ya miaka 30. Karibu kila fundi niliyemuuliza pale Keko aliniambia ninunue mbao mpya na nianze kazi wiki hiyo hiyo. Huo ulikuwa ushauri mbaya, kwa maana mbao mbichi hupinda zinapokauka, na shingo ya gitaa ikipinda hata kidogo nyuzi huanza kugonga fureti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopita shingoni kwa upana.

Mmoja wao alisisitiza kwamba gitaa lisilo na tundu haliwezi kulia. Nilimweleza kuwa katika gitaa la umeme sumaku za pikapu ndizo zinazosikia mtikisiko wa uzi wa chuma, na kwamba Mmarekani Les Paul, karibu mwaka 1940, alilitengeneza la kwake juu ya gogo la msonobari la inchi 4 kwa 4. Hakuridhika, nami sikuendelea kubishana.

Vifaa vyangu vilikuwa randa, patasi tatu, msumeno wa mgongo, tupa mbili, keekee ya mkono na jiliwa la kuazima. Kiwiliwili nilikiunganisha kwa gundi kutoka vipande vitatu vya mfumbati, nikakichonga na kukipiga msasa. Ni kazi ambayo seremala yeyote anaijua. Shingo niliichonga kwa mkongo nilioununua Buguruni kwa shilingi 30,000 au zaidi kidogo. Ndani yake nililaza chuma cha kuinyoosha, ambacho nilikatiwa hesi Gerezani, kwa sababu nyuzi sita zikikazwa huvuta kwa uzito unaozidi kilo 40. Pikapu na vikazio vya nyuzi vilitoka kwenye gitaa bovu la rafiki yangu, na waya wa fureti niliagiza kutoka Uingereza kupitia ndugu aliyekuwa anarudi.

Ubao wa vidole, unaokaa juu ya shingo na kubeba fureti, ni mpingo, kipande kilichobaki kwa wachongaji wa vinyago wa Mwenge. Mpingo ni mzito kiasi kwamba huzama majini, na kila baada ya dakika chache nililazimika kuinoa patasi upya. Anayetaka kuugandisha aufute kwanza kwa spiriti, kwa kuwa mafuta yaliyomo ndani yake huizuia gundi.

Tatizo lililofuata lilikuwa mifereji ya fureti. Ulimi wa fureti, sehemu inayozama ndani ya ubao, una unene wa nusu milimita hivi, lakini msumeno wangu ulikata mfereji mpana zaidi, na fureti niliyoijaribu kwenye kipande cha mbao ilitoka kwa kuvutwa na kucha. Niliambiwa kwamba bila msumeno maalumu wa ng'ambo nisijisumbue. Badala yake niliulaza msumeno wangu juu ya jiwe la kunolea, ubavu kwa ubavu, nikausugua taratibu ili kupunguza meno yaliyotanuka nje. Kila baada ya misuguo mitatu nilikata mfereji wa majaribio na kupima kwa fureti yenyewe. Ilipofika jioni, fureti iliingia kwa kugongwa na nyundo ya mbao na haikutoka tena. Sijawahi kufurahia kifaa kama nilivyoufurahia msumeno ule.

Ndipo nikafanya kosa lililoniuma kuliko yote. Mzee mmoja anayetengeneza magitaa, ambaye namheshimu, aliniambia: "Mwanangu, chukua urefu wa uzi, ugawe kwa 18, hapo ndipo fureti ya kwanza, kinachobaki kigawe tena kwa 18, uende hivyo hivyo." Urefu niliouchagua ulikuwa milimita 648, na 648 ukigawa kwa 18 unapata 36 kamili, jambo lililonifanya niamini hesabu imekaa sawa. Nilikata mifereji yote 21, nikagongea fureti, nikagandisha ubao, nikafunga daraja, ambalo nyuzi huliegemea kwenye kiwiliwili, mahali lilipochorwa na kuweka nyuzi.

Uzi mtupu ulikuwa sawa, lakini kwenye fureti ya 12, ambapo sauti inapaswa kurudi ile ile ya juu, kila uzi ulikuwa chini. Nilidhani nyuzi ni mbovu nikanunua nyingine Kariakoo. Vitandiko vya daraja, vile vipande vidogo vinavyobeba nyuzi, nilivisogeza mbele mpaka mwisho, havikutosha. Usiku wa pili nilichukua rula ya chuma na kupima. Fureti ya 12 lazima iwe katikati ya uzi, yaani milimita 324, lakini yangu ilikuwa kwenye 321 na nusu hivi. Oktavu, yaani kutoka sauti moja hadi ile ile ya juu yake, ina nusu-sauti 12 zilizo sawa, na kigawanyo kinachozitoa ni 17.817, si 18. Kwenye fureti ya kwanza tofauti haifiki hata nusu milimita, ila hujikusanya kadiri unavyoshuka kuelekea daraja.

Niliowaonyesha walisema niubandue ubao na kuutupa. Sikukubali kutupa mpingo ule. Niliketi na daftari nikajiuliza: ikiwa fureti haziwezi kusogea, kwa nini daraja lisisogee? Nilizidisha mara mbili umbali wa kutoka kizingiti cha kichwani hadi fureti ya 12 nikapata 643. Nilipofanya hesabu ya fureti zote upya kwa urefu huo, kumi na mbili za mwanzo ziliangukia karibu kabisa na mahali pake. Kanuni ya 18 ni ya kale. Vincenzo Galilei, baba wa Galileo, aliipendekeza kwa wapigaji wa udi wa Ulaya katika karne ya 16.

Niling'oa daraja, nikaziba matundu ya skrubu kwa vijiti vya mninga, kisha nikatandaza mshipi wa kuvulia samaki toka kichwani hadi mwisho, mmoja kila upande, kuhakikisha nyuzi za pembeni hazitatoka nje ya ubao. Daraja nililifunga karibu milimita 5 mbele ya alama ya zamani, nikaacha milimita mbili tatu za kurudi nyuma, kwa kuwa uzi ukibonyezwa sauti yake hupanda kidogo. Nikaupiga uzi huku nikiugusa tu juu ya fureti ya 12, kisha nikaubonyeza hapo hapo: sauti mbili zikawa moja. Nilimwita shangazi aje asikie.

Mvumo wa umeme uliobaki niliuondoa kwa kuunganisha waya wa eathi kwenye daraja. Gharama sikuziandika, naamini hazikuzidi shilingi 300,000.

Fureti za chini kabisa, kuanzia ya 17, bado sauti zake zinapanda kidogo, na solo za dansi hukaa sana huko, hivyo wakati mwingine navuta vidole kwa tahadhari. Ubao wa gitaa la pili nimeshauchora kwa 17.817, na fureti ya 12 imeangukia milimita 324.