Kondoo-mwitu wa Faro, Yukon

Leo milimani juu ya Faro, kaskazini mwa Kanada, kondoo-mwitu wa Fannin wameonekana vizuri sana! Mgodi wa madini ya risasi na zinki uliozaa mji huu ulifungwa 1998, wanyama bado wapo.

Tafuta kwanza shingo nyeupe.
Mgongo wao wa kijivu hufanana kabisa na mwamba, ndiyo maana wengi hutazama palepale wasione kitu.

Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi za mbele za milimita 42) yatosha. Kaa chini, egemeza viwiko magotini, picha itatulia.

Msiwasogelee, hasa Mei majike wakizaa: wakishtuka hukimbia, na kitoto huachwa nyuma.

Dawa ya kumpulizia dubu akikushambulia ikae kiunoni. Ndani ya begi haisaidii.

Mei hiyohiyo ndege aina ya korongo hupita kwa makundi. Utawasikia kabla hujawaona.

Mliofika huko, mlisimama wapi?