Nyota iliyotoboka katikati

Jioni ile, katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya Kigoma, wanafunzi walichagua kuchora bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ile ya mwaka 2006, kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na moduli yake ya turtle, yaani kobe anayechora anapotembea. Walichagua vizuri: bendera hiyo ina mstatili, mkanda wa mshazari na nyota.

Vipimo vilikuwa upana 400, kimo 300. Sufuri ipo katikati, kwa hiyo kona ya chini kushoto ni (-200, -150). Rangi ya baadaye hufunika ya awali: tulianza na buluu, ikafuata njano, kisha nyekundu. Mkanda wa njano una pembe sita, maana unaingia kwenye kona mbili za bendera: (-200, -150), (-200, -75), (100, 150), (200, 150), (200, 75), (-100, -150). Kwa nyekundu, weka 90 badala ya 75 na 120 badala ya 100, alama za kutoa zibaki zilivyo.

Nyota ndiyo iliyotuweka sana. Binti mmoja aliandika forward(100), yaani nenda mbele hatua 100, na right(144), geuka kulia digrii 144, mara tano, kati ya begin_fill() inayoanza kujaza rangi na end_fill() inayomaliza. Ncha tano zikajaa njano, katikati pakabaki pembetano ya buluu.

"Mwalimu, imetoboka!"

Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Mistari ya nyota hiyo hukatana, na eneo la kati huzungukwa mara mbili. Kuna kompyuta zinazolihesabu kuwa nje ya umbo, na nyingine hulijaza. Dawa ni kufuata ukingo wa nje tu: forward(38), left(72), forward(38), right(144), mara tano. Ile 38 ni 100 mara 0.382, ikikadiriwa: ni umbali wa kutoka ncha hadi mistari inapokatana. Akaanzia (-180, 100), ikajaa yote.

Jirani yake naye alipata kabari ya njano iliyotoka katikati ya bendera hadi kwenye nyota. Alikuwa ameinua kalamu kwa penup(), lakini begin_fill() ilitangulia goto(), amri ya kumpeleka kobe mahali pa kuanzia. Kalamu ikiwa juu mstari hauonekani, ila kila kituo cha kobe bado huingia kwenye umbo linalojazwa. Nenda kwanza, ndipo ufungue rangi. Na ukisahau end_fill(), hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya. Umbo litabaki tupu tu.