Mto chini ya goti

Ulikuwa mto wa sufi, foronya ya maua mekundu, wifi yangu kaushona mwenyewe kwa mkono. Nilipofika nyumbani Wete siku ya 17 baada ya operesheni ya kuwekewa goti bandia, nimechoshwa na safari ya boti mbili, yeye ndiye aliyenipokea mlangoni. Akanilaza, akauinua mguu wangu polepole kama anayemnyanyua mtoto wa siku saba, akaupenyeza mto chini ya goti. "Pumzika sasa, wifi. Umeshataabika vya kutosha." Na kweli niliona raha. Goti bichi likikunjika kidogo juu ya kitu laini, maumivu yanatulia. Usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri, usingizi ambao sikuupata tangu Dar.

Nikaendelea na mto wangu siku nne. Siku ya tano nikataka kuunyoosha mguu kitandani, ukakataa. Kisigino kimegusa godoro lakini nyuma ya goti pana uwazi wa kupitisha ngumi. Siku niliyotoka hospitali, pale palikuwa hapapiti zaidi ya kiganja kilicholazwa. Nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinionesha, akarudia, nami nikaitikia: mto hukaa chini ya kisigino, chini ya goti usiuweke kabisa.

Goti lililopasuliwa huota makovu ndani, na makovu hushika mkao yanaoukuta. Ukililaza limekunjika wiki baada ya wiki, litapona limekunjika, uchechemee umri wako wote. Kisigino kikinyanyuliwa na goti likaachwa bila kitu chini yake, uzito wa mguu wenyewe unalinyoosha. Inauma. Na kwa kuwa inauma, kila mwenye huruma akikukuta hivyo atauvuta ule mto aurudishe kwenye goti.

Niseme pia nilichofanyiwa, maana hapa mtaani wapo wanaoamini nimekatwa goti zima likatupwa. Gegedu, lile tabaka telezi linalofunika ncha za mifupa, lilikuwa limelika hadi mfupa unasaga mfupa. Mwaka wa mwisho nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume. Madaktari wa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, walichonga ncha ya mfupa wa paja na ncha ya mfupa wa muundi, wakavika chuma juu na chuma chini, na katikati wakaweka plastiki ngumu ya kuteleza badala ya gegedu. Misuli ni yangu ile ile, na ndiyo yenye kazi sasa.

Kwetu Pemba mgonjwa ni wa watu wote. Wiki ya kwanza chumba hakikuwa na pa kupita. Boko boko kutoka kwa jirani, uji wa ngano, supu ya kuku wa kienyeji, dua juu ya dua. Mwenyezi Mungu awalipe, sikuona moto wa jiko siku 20. Lakini wote walikuja na neno moja: usiinuke. Nikishika woka, kile chuma cha kushikilia nikitembea, kwenda uani, watu watatu wanasimama. Nikitia mguu chini, "Taratibu Bi Mwalimu, rudi ulale." Kumlaza mgonjwa ndiyo heshima yake, na mimi mwenyewe nimewalaza wengi hivyo hivyo. Goti hili lilitaka niinuke kila saa, nitembee japo ukumbini nirudi, kwa sababu mguu uliolazwa huweza kugandisha damu. Nilikuwa bado nachomwa sindano ya tumboni ya kuzuia hilo. Dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja kuche nimeziandika kwa herufi kubwa nikazibandika mlangoni, mgeni naye azione: shavu la mguu kuvimba na kuuma, pumzi kukata, kifua kubana, homa, kidonda kutoa maji.

Vita kubwa ilikuwa ya barafu. Sisi tumelelewa tukijua kwamba maumivu ya viungo ni baridi iliyoingia mifupani, na dawa yake ni kukandwa kwa maji ya moto na kusugua mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu. Goti hili nimelisugua makonyo miaka minane. Sasa anakuja mjukuu na barafu iliyopondwa, kaifunga kwenye taulo, anailaza juu ya goti dakika 20. Shangazi yangu, mtu wa miaka 80 na ushei, alishika kichwa: "Mnamuua!" Nikauchukua mkono wake nikauweka pale. Goti lilikuwa la moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Hata leo, wiki ya 11, lina joto kuliko mwenziwe, na nimeambiwa joto hilo na uvimbe huchukua miezi kwisha. Shangazi aliuacha mkono pale kwa muda, kisha akasema, "Haya, hii si ile baridi." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeuliza kama barafu imeshaganda. Makonyo yamewekwa kabatini. Kidonda kibichi hakipakwi kitu.

Nimesomesha hesabu miaka 31 hapa hapa Wete, na katika vitu nilivyotoka navyo skuli ni kipimapembe kikubwa cha mbao, kile cha ubaoni. Mjukuu wangu wa Kidato cha Kwanza alikitoa juu ya kabati siku ile nililia. Tukafanya hivi: nakaa kitini, yeye anaweka kitovu cha kipimapembe ubavuni mwa goti, uzi mmoja anauvuta hadi kwenye nyonga, wa pili hadi kifundo cha mguu, anasoma. Ilibidi kwanza nimfunze hesabu ya hospitali, kwa sababu wao wanahesabu kinyume na ubaoni. Mguu ulionyooka, ambao kwangu ni nyuzi 180, kwao ni sifuri, na wanapanda kadiri unavyoukunja. Kwa hiyo 90 yao na yangu ni moja, pembe mraba, lakini 110 yao kwangu ni 70. Alinitazama, akachora kwenye daftari, akaelewa kabla sijamaliza.

Siku ile tulisoma 68 kwa kukunja, na kwa kunyoosha nilibakisha 12. Kutembea ardhi tambarare tu kunataka 65 hadi 70. Kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono kunavuka 90.

Tukafunga mazoezi na sala, kila baada ya sala moja. Dawa ya maumivu nameza mapema kidogo, ili niyakute mazoezi imeshashika. Nakaa kitini, nalaza kanga iliyokunjwa kwenye sakafu ya saruji, naweka unyayo juu yake na kuuvuta nyuma chini ya kiti. Kanga inateleza vizuri kwenye saruji. Ikifika pa kugoma, mguu wa pili, ule mzima, unakuja mbele ya muundi na kuusukuma mgonjwa nyuma, kidogo tu, mjukuu anahesabu hadi kumi. Nasikia ngozi ya kovu inavyovutika, na upande wake wa nje pana ganzi, nikigusa ni kama naigusa ngozi ya mtu mwingine. Baadaye nalala, kisigino juu ya taulo lililoviringishwa, naminya goti chini kuelekea godoro hadi misuli ya paja inakaza. Baada ya wiki mbili tulisoma 91. Mjukuu alikimbia nacho kipimapembe hadi barazani kuwaambia watu.

Nisijidai kwamba kila kitu kimerudi. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa kunapita 120, nyuzi ambazo siziwekei tamaa. Fundi seremala alinichongea kiti cha mbao kilichotobolewa, chenye mikono ya kushikia, miguu yake mipana isiteleze kwenye maji. Mikeka yote ya njiani ilikunjwa. Ngazi tatu za baraza nimezijua upya: kupanda anatangulia mguu mzima, kushuka anatangulia mgonjwa pamoja na bakora. Mara moja niliwaza mambo mengine nikatanguliza mzima kushuka, ukuta ndio ulionidaka.

Na sala. Siku niliyofahamu kwamba paji la uso wangu halitagusa msala, moyo uliniuma kuliko goti. Miaka 67 nimezoea kuishusha mizigo yangu pale chini. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kusali kwa kusimama, asiyeweza kwa kukaa, asiyeweza kwa ubavu, na mafunzo hayo nimeyasomesha watoto bila kufikiri kwamba siku moja yatakuwa yangu. Kwa hivyo nasimama, narukuu, kisha nakaa kitini na kuinama zaidi kuliko nilivyorukuu. Wiki za mwanzo nilikuwa nalia katika kuinama huko. Sasa nimezoea. Daktari anasema wapo wanaorudi kupiga magoti kidonda kikishapoa kabisa, juu ya kitu laini, na kwamba si haramu kwa chuma. Nitajaribu, polepole, Mungu akipenda.

Mbuzi ya nazi nayo niliinunia. Kile kibao kiko chini mno, na mimi siwezi kukaa na wali wa nazi iliyokunwa na mtu mwingine. Kila mtu na mkono wake. Fundi yule yule akaipandisha juu ya benchi, ubavuni mwa kiti changu. Ijumaa iliyopita nilikuna nazi mbili.

Leo asubuhi kipimo kilikuwa 108 kwa kukunja na 2 kwa kunyoosha. Wifi alikuwepo. Kwa muda alikuwa haingii sana chumbani, alihisi kosa la ule mto ni lake ingawa nilimwambia mara nyingi kwamba mwenye kuambiwa nilikuwa mimi. Alisimama mlangoni hadi mjukuu aliposoma, akaondoka bila neno. Baada ya alasiri akarudi na mto mwingine, mdogo, mgumu, ameujaza usumba. Akauinua mguu wangu kwa ule ule upole wake, akausogeza mto hadi mwisho wa kitanda.

"Huu wa kisigino," akasema.