Jinsi kitufe cha F1 kilivyonipunguzia simu za dukani

Nimo ndani ya mwendokasi, mkono mmoja umeshika bomba, simu inatetema mfukoni. Najua ni nani kabla sijaitoa. "Fundi, mashine imegoma huku." Mashine haijagoma. Ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi pale Gerezani. Amefika kwenye kisanduku cha "Kipimo" na hajui misumari aiandike kwa kilo au kwa katoni, na mteja kamsimamia.

Programu ya mauzo na stoo niliwaandikia mwenyewe kwa C#, lugha ya kuandikia programu, inakaa kwenye kompyuta tatu. Mwongozo pia niliwaandikia, kurasa 40, nikauchapisha na kuubana spirali. Siku moja nikapita dukani nikaukuta umewekwa chini ya mashine ya risiti ya EFD ili iinuke kidogo. Sikukasirika sana. Hata mimi mwongozo wa friji yangu sijawahi kuusoma.

Nikaamua msaada uwe palepale mtu anapokwama. Wazo lenyewe ni la zamani. Kwenye Windows, F1 imekuwa kitufe cha msaada miaka na miaka, na Windows 95 ilikuwa na alama ndogo ya kuuliza juu ya dirisha: unaibofya, kisha unabofya kitu usichokijua, kinajieleza. Kwa sisi tunaotengeneza madirisha ya programu kwa Windows Forms, kuna kifaa cha msaada kilicho tayari, HelpProvider. Unakipa kila kisanduku ukurasa wake, na mtu akibonyeza F1 akiwa hapo, ukurasa huo ndio unaofunguka. Kisanduku usichokiandikia kitu, ombi linapanda mpaka kwenye fomu nzima, kwa hiyo angalau hatoki mikono mitupu.

Nikaandika kurasa, nikazifunga kwenye faili moja la CHM, aina ya faili la msaada la Windows, nikaliweka kwenye folda ya pamoja katika kompyuta ya bosi ili mashine zote zilisome hapo. Nyumbani nilikuwa nimelijaribu, linafunguka safi. Dukani, orodha ya mada ikatokea upande wa kushoto, upande wa kulia mweupe kama sanda. Nusu siku ikaniishia pale nikilaumu msimbo wa programu yangu, kumbe msimbo hauna kosa: tangu 2005 Microsoft wanazuia kurasa za CHM zisifunguke kupitia mtandao, hata ule wa ndani ya duka, maana zilikuwa njia ya kupenyeza programu mbaya. Hata faili ulilopakua intaneti linaweza kukufanyia hivyo, mpaka uingie kwenye sifa zake uondoe kizuizi. Dawa yangu ilikuwa rahisi: programu ikiwaka, inanakili faili kwenye diski ya mashine husika na kulifungulia hapo.

Kurasa zikafunguka. Simu hazikupungua.

Keshia mkubwa pale ni mama wa makamo ambaye hana subira na maneno mengi. Nikamwendea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hebu njoo usome hapa."

Nikasoma: "Kisanduku hiki ni cha kuingiza kipimo cha bidhaa."

"Haya. Na hapo juu pameandikwa nini? Kipimo. Nimeshaona. Mimi nauliza nifanyeje."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima nikirudia majina ya visanduku kwa sentensi ndefu.

Basi nikanunua daftari, nikakaa nyuma ya kaunta wiki mbili, saa za asubuhi ambapo mafundi ujenzi wanafurika. Kila swali nililiandika kama lilivyotamkwa. Yakafika 31, na 11 kati ya hayo yalikuwa ya visanduku viwili tu: Kipimo na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Kwenye TIN ndiko kulikuwa na vituko. Mteja akiwa hana TIN, keshia anaogopa kuacha wazi, anajaza namba ya simu, programu inakataa, simu yangu inaita. Ukurasa wa TIN nikaufuta wote, nikaandika hivi:

"Mteja hana TIN? Acha wazi, bonyeza Enter. Anayo? Andika tarakimu 9 bila vistari. Zikifika 10, hiyo ni namba ya simu."

Na wa Kipimo: "Mteja kataja kilo, andika KG. Kachukua katoni nzima, andika CTN, stoo itapunguza kilo 25 yenyewe."

Kuna jambo jingine nililoliona nikiwa nyuma ya kaunta ambalo nisingeligundua nyumbani. Vile vijisanduku vya njano vinavyochomoza ukisogeza mausi juu ya kitu, nilivihangaikia usiku mzima, na hakuna aliyewahi kuviona. Makeshia hawagusi mausi. Wanatembea kwa Tab na Enter, macho yakiwa kwa mteja na kwenye pesa. Nikavitoa. Badala yake nikaweka ukanda chini ya dirisha: ukiingia tu kwenye kisanduku, sentensi yake fupi inatokea pale bila kubonyeza chochote. F1 ikabaki kwa anayetaka maelezo marefu. Ukiniuliza, ule ukanda umefanya kazi kubwa kuliko kurasa zote za CHM.

Halafu kompyuta moja ikaharibika, bosi akaleta laptopu iliyotumika. Asubuhi yake: "Fundi, nabonyeza F1 inazima sauti tu." Kwenye laptopu ile F1 ilikuwa na kazi nyingine mpaka uishike pamoja na kitufe cha Fn. Nikaongeza kitufe kidogo chenye alama ya kuuliza kando ya kila kisanduku, na hoja ikaisha.

Mwisho nikayahamishia maandishi yote kwenye jedwali la hifadhidata, kila mstari na jina la fomu na la kisanduku, mwenye nywila ya bosi aweze kuyabadili bila kunisubiri. Juzi nimepita kuchukua hela yangu ya matengenezo, nikaangalia ukanda wa chini kwenye Kipimo. Sentensi yangu haipo. Pameandikwa, kwa herufi kubwa zote: "MUULIZE KWANZA, KILO AU KATONI? USIKISIE."

Yule mama alikuwa anahesabu chenji, hakuinua hata uso. Nimeiacha hivyohivyo.