Vile nilianza kuchonga mawe na bado napaka rangi

Watu huniuliza kwani wewe ni mchoraji ama mchongaji, nami huwaambia ni zote mbili, lakini kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa brashi tu. Nilianza na vibao vya kinyozi na saluni huku Kayole, na nikipata nafasi usiku nachora zangu. Kanvasi ya duka za mjini sikuiweza na hata leo siinunui, mimi huchukua amerikani naivuta kwa fremu ya mbao, napaka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ikikauka napiga rangi nyeupe ya ukuta. Rangi inashika vizuri tu. Shida yangu haikuwa kitambaa, ilikuwa zile nyuso, kila mtu niliyemchora alikaa kama picha ya kitambulisho.

Kuna siku nilipanda matatu nikaenda Murang'a kuona picha za ukutani ambazo Elimo Njau alichora mwaka wa 1959 ndani ya kanisa kuu la Anglikana pale. Huyo mzee ni wa Marangu, Kilimanjaro, ndiye alikuja kuanzisha Paa ya Paa, kile kituo cha sanaa, hapa Nairobi mwaka wa 1965. Yesu wake ni Mwafrika na milima nyuma yake ni ya hapo hapo Murang'a, na watu wana uzito aisee, unaona mgongo wa mtu na unajua amebeba kitu. Nilirudi nikiwaza huu uzito unatoka wapi.

Mwingine aliyenipa moyo ni Rosemary Karuga. Alisomea sanaa Makerere miaka ya 50, akachora na akachonga, halafu akawa mwalimu, na ni uzeeni ndio watu wakamjua, kwa zile kolaji zake, picha za kubandika vipande vya karatasi za pakiti za unga na za sabuni ya Rexona. Karatasi za unga jamani! Sasa mimi mwenye sina hela nilikuwa nangoja nini.

Basi nikaamua nijaribu jiwe la Kisii. Linachimbwa Tabaka, huko huko Kisii, na jamaa mmoja wa huko alinitumia vipande kwa basi, vizito mpaka makanga akalalamika. Patasi sikununua dukani, nilienda Gikomba kwa fundi wa vyuma. Akachukua springi kuukuu ya lori, akaikata, akaipiga motoni, akaniambia "boss, hii utawachia watoto wako." Nikaongeza tupa, panga fupi na msasa wa aina tofauti tofauti.

Jiwe lenyewe ni laini, kisu kinaingia, lakini usiingie nalo kama mbao. Unaliloweka kwanza, unalichonga likiwa na maji, hiyo inapunguza vumbi, na vumbi lake si la kucheza nalo, mimi huvaa maski hata nikichonga nje kwa uwanja na majirani wanadhani nimeogopa jua. Unatoa kidogo kidogo, unazungusha, unatoa tena, kwa sababu ukishatoa hakuna kurudisha, si kama rangi unapaka juu yake kesho. Ukiona mstari wa rangi nyingine unapita katikati ya jiwe usigonge hapo kwa nguvu, mara nyingi ndipo linapasukia. Ukimaliza umbo unasugua na msasa mkali ndani ya ndoo ya maji, unashuka hadi ule laini kabisa, unaliacha likauke, unalipasha joto juani na kulipaka nta. Hapo ndipo rangi yake inatokea, lile la kijivu lililokuwa limenuna linawaka ghafla. Hiyo sehemu mimi sichoki nayo.

Kichwa cha kwanza kilichonitosha kilikuwa cha mama anayeuza mboga kwa stage yetu. Nilishika shavu lake la jiwe kwa kidole gumba muda mrefu sana, na niliporudi kwa kanvasi nikajikuta naweka kivuli chini ya jicho bila kufikiria, mkono ulishajua mfupa uko wapi. Mteja wangu mmoja wa kinyozi akaniuliza kwa nini yule jamaa wa kibao chake siku hizi anaonekana ni kama anataka kuongea. Ameongeza pesa kidogo, si mbaya.

Siku hizi asubuhi ni jiwe kwa sababu ya mwanga na maji, jioni ni rangi. Picha zinatoka haraka kuliko sanamu, mtu anabeba picha kwa bodaboda lakini jiwe anaanza kuuliza transport ni ya nani. Kama unataka kuanza, anza na lile jiwe jeupe, kwangu la pinki limekuwa gumu zaidi, na mwambie fundi akutengenezee patasi mbili, nyembamba na pana. Zingine utaongeza ukishauza.