Miaka saba na laptopu ileile: vumbi la Kimara, joto na umeme wa Dar

Februari 2020, saa nane usiku, nilikuwa sebuleni kwangu Kimara Temboni nasubiri video ya sendofu imalize kutoka kwenye laptopu. Familia ya binti ilitaka kuionyesha ukumbini kesho yake jioni. Video ya dakika 40, ambayo mwaka mmoja nyuma ingetoka ndani ya nusu saa, sasa mashine ilikuwa inaniandikia saa mbili na nusu. Feni zinavuma mpaka mtoto akaamka. Ukiweka kiganja juu ya kibodi, unakiondoa mwenyewe.

Laptopu ile niliinunua Septemba 2018 kwa shilingi milioni 2 na laki 8, pesa ya mchezo wa upatu niliocheza mwaka mzima na wenzangu pamoja na akiba kidogo. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni Core i7-8750H yenye kori 6, kadi ya picha GTX 1060, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 16 GB. Kwangu mimi ninayehariri harusi na kicheni pati, huo ndio mtaji wote. Kwa hiyo niliumia sana watu waliponiambia laptopu za nguvu hazivuki miaka miwili, niiuze kwa bei yoyote nitafute nyingine.

Sikuiuza. Niliibeba hadi Kariakoo, ghorofani mtaa wa Aggrey, kwa fundi mtu mzima niliyeelekezwa na mpiga picha mwenzangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaiwasha. Kabla ya kugusa bisibisi aliweka kiganja pembeni, pale hewa ya moto inapotokea.

"Mwanangu, hewa haitoki. Mashine haijachoka hii, imezibwa pua."

Alipofungua kifuniko cha chini niliona kitu ambacho sijakisahau. Kati ya feni na yale mapezi membamba ya kupozea kulikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, jekundu kwa rangi. Nililitambua. Ni vumbi la kwetu, la miaka ile barabara ya Morogoro ilipokuwa inapanuliwa kutoka Kimara kwenda Kibaha, tunafunga madirisha mchana na bado tunafuta meza mara tatu. Pesti ya kupitisha joto inayokaa kati ya prosesa na bomba la shaba nayo ilikuwa imekauka, inabanduka kama chaki.

Akanieleza kwa utulivu. Prosesa hii ikikaribia nyuzi 100 hujilinda yenyewe kwa kupunguza mwendo. Badala ya kwenda gigahezi 3.9 inashuka hata chini ya 2, kazi inakuwa ndefu, na kwa sababu kazi ni ndefu joto linakaa muda mrefu zaidi ndani. Alisafisha, akapaka pesti mpya, tukaipima na kazi ileile: nyuzi 83. Video ya dakika 40 ikarudi kwenye nusu saa na dakika chache. Nilimlipa huku machozi yananilenga.

Tangu siku hiyo nikaamua kujifunza kuifungua mwenyewe. Kila baada ya miezi minne naizima, nachomoa chaji, nafungua skrubu za chini na kitu cha kwanza nachomoa waya wa betri. Kisha brashi laini ya rangi na blowa ndogo. Feni naishika kwa kidole wakati napuliza. Ukiiacha izunguke kwa kasi ya upepo unaweza kuharibu beringi zake. Pesti nabadilisha kila mwaka na nusu hivi, na ile ya zamani naifuta kwa alkoholi ya asilimia 99, siyo spiriti yenye maji wala petroli kama nilivyoona wengine wakifanya. Tena mashine haikai juu ya kitanda wala juu ya mto. Nimeiwekea vijiti viwili vya mbao nyuma, inainuka sentimita tatu, hewa inaingia kwa chini. Vijiti hivyo ni bure kabisa na vimepunguza nyuzi 4.

Somo la betri lilinijia kwa gharama. Kwa sababu nafanya kazi mezani, chaji ilikuwa haitoki mwaka mzima, betri imejaa asilimia 100, chumba kina joto la Januari. Betri za lithiamu huzeeka haraka zikikaa zimejaa, na joto linazidisha. Mwaka 2021 nikaona sehemu ya kusogezea mshale imeinuka upande mmoja, kubofya hakubofyeki. Nilidhani ni plastiki. Ilikuwa betri imevimba, inasukuma kutoka ndani. Mkiona hivyo zimeni hapohapo, msiitoboe, msiibonyeze irudi, pelekeni kwa fundi ikatolewe. Betri ya kwanza niliyonunua badala yake ilikuwa feki, ilikufa ndani ya miezi mitano. Ya pili ndiyo ninayo hadi leo, na kwenye mipangilio nimeiwekea kikomo cha asilimia 80. Nikienda kupiga kazi nje ya mji ndipo naiachia ijae.

Umeme sasa. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulinifundisha kwamba hatari kubwa haiko pale umeme unapokatika. Iko pale unaporudi, taa zinapepesa, friji linakoroma. Adapta imeandikwa volti 100 hadi 240, inavumilia mengi, lakini si kila kitu. Yangu iliungua usiku mmoja nilipojiunga kwenye jenereta dogo la jirani. Nikaazima adapta ya wati 65 ya laptopu ya mdogo wangu, kichwa chake kikaingia kwenye tundu, nikashangaa betri inashuka huku chaji imechomekwa. Mashine hii inahitaji wati 180. Hiyo ndogo ilikuwa haiwezi kuibeba kazini. Nilinunua adapta yenye wati zilezile, na siku hizi kila kitu cha kazi kinapita kwenye friji gadi, ile inayosubiri dakika chache umeme utulie ndipo inaruhusu. Watu wanainunulia friji tu, wakati laptopu ni ghali kuliko friji.

Kigamboni nilifanya kazi wiki sita kwenye nyumba iliyo karibu kabisa na bahari. Niliporudi, vichwa vya skrubu vilikuwa na kutu na tundu moja la USB linagoma. Tangu hapo nakusanya vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, naviweka ndani ya begi.

Bawaba ya kioo iliachia mara moja, ikagundishwa. Sasa kioo nakifungua kwa kushika katikati. Diski ya kuzunguka ya 1 TB, ambayo daladala za Mbezi ziliichosha mpaka ikaanza kugonga, niliibadilisha kwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, mwaka 2022 kabla haijanipotezea harusi ya mtu. RAM nikaongeza ikawa 32 GB. Hilo, kusema kweli, lilinipa nafuu kubwa kwenye kuhariri kuliko nilivyotegemea.

Nimejumlisha matumizi yote ya miaka saba: betri mbili, adapta, SSD, RAM, pesti, ufundi. Haifiki nusu ya bei ya kununua mpya yenye nguvu kama hiyo. Windows 11 inaikubali pia, kwa kuwa prosesa ni ya kizazi cha 8. Wenzangu wenye kizazi cha 7 wamepata taabu tangu Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa Oktoba 2025.

Chini ya mashine nimebandika kipande cha karatasi ya gundi ninachoandika tarehe ya kila usafi. Cha kwanza kilijaa nikakibandua nikakiweka kwenye daftari. Hiki cha pili kimebakiza nafasi ya tarehe mbili, na ya karibu ni Jumamosi hii baada ya kukabidhi kicheni pati ya Sinza.